Mwenda kwa miguu naye ahesabiwe

Walimu waliopata kufundisha katika shule za msingi za bonde la Rufiji wanaujua vema msimu ambao madawati huanza kubaki matupu. Mpunga unatoa masuke, ndege na nguruwe wanaunyemelea, na familia nzima inahamia kondeni ikakae katika dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho Warufiji wamekitumia tangu zama za mababu zao. Mtoto akifuatana na mama yake, katika daftari la mahudhurio huandikwa alama ya utoro. Kisha katika kikao cha kamati ya shule husemwa kwamba wazazi hawathamini elimu, na pengine hutajwa faini. Madhumuni ya makala haya ni kuwaomba walimu na watumishi wenzangu kwamba, kabla ya kumhukumu mzazi huyo, tuupime kwanza mwendo wake.

Kutembea ni jambo tusilolifikiria kwa sababu tunalifanya kila siku. Hata hivyo nchi yetu ina ushahidi wa kutembea ambao ulimwengu mzima huja kuutazama. Mwaka 1978 watafiti waliokuwa chini ya uongozi wa Mary Leakey walifukua huko Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, nyayo za viumbe waliopita kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Mwaka 2016 wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza kupatikana kwa nyayo nyingine papo hapo Laetoli. Kwa kupima urefu wa unyayo na umbali kati ya hatua na hatua, wataalamu hawa huweza kukadiria kimo cha mwenye nyayo, uzito wake na kasi aliyokwenda nayo. Basi tunayo elimu ya kukadiria mwendo wa kiumbe aliyepita kabla binadamu wa leo hajawapo, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema mama wa Umwe hutembea kilomita ngapi kwa siku?

Elimu ya mwendo na nguvu za mwili, ambayo wenyewe huiita bayomekaniki, inatueleza mambo ambayo mpangaji wa maendeleo hana budi kuyajua. Mtu anapotembea, mwili wake hufanya kazi mithili ya pendulamu ya saa ya ukutani iliyopinduliwa juu chini. Mguu ulio ardhini ndio egemeo. Kiwiliwili hupanda juu yake, kikifika kileleni huanguka kidogo mbele, na ile nguvu ya kuanguka hutumika kukisukuma na kukiinua tena katika hatua ifuatayo. Kwa mwendo ulio bora, karibu theluthi mbili ya nguvu inayohitajika hurudishwa kwa njia hii bila misuli kuitoa upya. Ndiyo sababu kila mtu ana mwendo wake wa asili, kwa mtu mzima kilomita 4 na nusu au 5 kwa saa, ambao humgharimu chakula kidogo kuliko mwendo mwingine wowote kwa kila kilomita. Akienda polepole zaidi hupoteza; akikaza mwendo hupoteza vilevile. Hakuna aliyemfundisha. Kiongozi anayewaambia wakulima wakaze mwendo ili wafike shambani mapema huwa anawaagiza, bila kujua, wale zaidi.

Katika Afrika ya Mashariki ulifanyika uchunguzi mmoja ambao umepata kuwa mashuhuri sana. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na Norman Heglund na wenzao, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya vipimo walivyowapima akina mama wa Kijaluo, ambao hubeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu, ambao hubeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Walipima hewa ya oksijeni iliyotumiwa na mwili wakati wa kutembea na mzigo. Ikaonekana kwamba akina mama wale waliweza kubeba mzigo ulio sawa na asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile wanayoitumia wakitembea mikono mitupu. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walieleza siri yenyewe: wakiwa na mzigo, akina mama hao hulitumia vizuri zaidi lile bembea la pendulamu, na hivyo hupoteza nguvu kidogo katika kila hatua.

Habari hii ilienea upesi, na kama ilivyo kawaida ya habari njema, ilienea ikiwa imekatwa kichwa na miguu. Palitokea watu wakasema mwanamke wa Kiafrika hubeba mzigo bure. Maneno hayo humfaa sana mume anayetembea mbele akiwa ameshika fimbo, na humfaa vilevile mtumishi anayeahirisha mradi wa maji hadi mwaka ujao wa fedha. Lakini hebu tupige hesabu. Asilimia 20 ya mama mwenye kilo 55 ni kilo 11. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji mbali na uzito wa ndoo yenyewe, na mzigo wa kuni huweza kupita hapo. Ile nafuu iliyopimwa Nairobi humalizika kabla ndoo haijafika nusu na robo. Isitoshe, uchunguzi uliofanywa baadaye huko Afrika Kusini kwa akina mama wa Kixhosa, uliochapishwa mwaka 2010, haukuiona nafuu hiyo kwa wastani, bali uliona tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Mwaka huohuo uchunguzi mwingine kutoka jimbo la Limpopo uliwaeleza wachotaji maji wenye maumivu ya shingo na mgongo. Kipimo cha oksijeni hakipimi shingo, wala hakipimi saa zilizopotea njiani.

Saa hizo ndizo zinazotuhusu hapa. Tuchukue familia ya Umwe yenye shamba la mpunga bondeni, na tuseme shamba liko umbali wa kilomita 6 kutoka nyumbani. Kwa mwendo wa kilomita 4 na nusu kwa saa, kwenda ni saa moja na dakika 20, na kurudi ni vivyo hivyo. Kwa siku ni saa mbili na dakika 40. Kwa siku 150 za kazi ni saa 400, ambazo kwa mtumishi wa ofisini ni wiki 10 za kazi, yaani miezi miwili na nusu ya mshahara. Na mwili nao una bei yake: kilomita 12 humtaka mtu mzima, kwa makisio, kati ya gramu 100 na 150 za unga wa mahindi zaidi ya chakula ambacho angekihitaji akiwa ametulia. Katika siku 150 hizo, unga huo unaweza kufika kilo 20. Wala hapo mzigo haujaongezwa, na tope halijatajwa. Yeyote aliyevuka mabonde ya Rufiji wakati wa masika anajua kwamba kilomita moja ya tope haifanani na kilomita moja ya lami.

Mzazi wa Umwe hakusoma bayomekaniki, lakini hesabu hii anaifahamu kwa miguu yake. Akiona kwamba kwenda na kurudi kunamla, hujenga dungu na kuhamia huko mpaka mavuno. Huo si uzembe, ni uamuzi wa mtu aliyepima mambo. Anayemchukua mtoto naye hafanyi hivyo kwa kuichukia shule. Mtoto wa miaka 8 hawezi kuachwa peke yake nyumbani kwa miezi kadhaa, wala hawezi kutembea kilomita 12 kila siku akafika darasani akiwa na akili ya kujifunza kuzidisha na kugawanya.

Umbali huu una historia, na yafaa tuiseme bila kificho. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ambayo iliwatoa wananchi bondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye ardhi iliyoinuka. Ukanda huo ndio ulio na Ikwiriri na Umwe ya leo. Nia ilikuwa njema, na matunda yake hayafichiki: shule, zahanati, visima, barabara, mambo ambayo hayangeweza kumfuata kila mkulima katika kila kisiwa cha bonde. Lakini nyumba ilipohama, rutuba haikuhama. Mashamba ya mpunga, na yale ya mlau ambayo hulimwa maji yanapokupwa, yalibaki kule kule bondeni. Kati ya nyumba na shamba pakazaliwa njia ndefu, na gharama ya njia hiyo hakuna kitabu cha hesabu cha Serikali kilichoiandika. Aliilipa mkulima, na sehemu kubwa aliilipa mama. Kjell Havnevik, ambaye aliichunguza Rufiji kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1993, ni miongoni mwa walioeleza jinsi utengano huo wa makazi na mashamba ulivyoathiri kilimo cha wilaya hiyo.

Ninaikumbusha habari hii si kwa kutaka kufukua makaburi. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliikumba tena Rufiji na Kibiti, nyumba zikazama, mashamba yakazama, na wananchi wakahimizwa tena wahamie sehemu zilizoinuka. Wahame, kwa kuwa uhai hauna mbadala. Ila safari hii afisa mipango na afisa ardhi wanaochora viwanja vipya wachore na mistari kutoka katika kila kitongoji hadi mashamba yake, wapime urefu wa mistari hiyo kwa saa za kutembea, na waiweke mezani wakati wa kuamua. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962, nchi ikiwa changa kabisa. Hatuna sababu ya kuona haya kusahihisha jambo la 1968.

Sasa tuitazame barabara kuu. Kabla ya mwaka 2003 msafiri wa kwenda Lindi na Mtwara alikuwa akisubiri kivuko pale Ndundu, na mto ukijaa husubiri zaidi. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, liliikomesha adha hiyo, na lami iliyokamilishwa miaka ya baadaye imeifanya safari ya kusini kuwa ya saa chache. Hakuna mwenye akili timamu anayetamani kurudi kwenye kivuko. Lakini barabara hiyo hiyo imepita kati ya watu wanaotembea. Basi lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hulimaliza daraja lote kwa sekunde 44. Mwenda kwa miguu hulimaliza kwa dakika 13. Hawa wawili wamepewa barabara moja, na mmoja wao ni wa chuma.

Chukua bibi mwenye umri wa miaka zaidi ya 65 anayetaka kuvuka lami yenye upana wa mita 7 akiwa na kikapu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 uliona kwamba wanawake wa umri huo hutembea kwa wastani wa mita 0.8 kwa sekunde. Basi bibi yetu atahitaji karibu sekunde 9. Katika sekunde hizo, gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa husafiri karibu mita 200. Kwa hiyo gari ambalo bibi aliliona mbali, au pengine hakuliona kwa sababu ya kona au jua la machoni, litamkuta katikati. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao sheria imeuweka kwa sehemu za makazi, gari hilo lingesafiri mita zipatazo 122 tu. Na ajali ikitokea, Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba mtu mzima aliyegongwa kwa mwendo wa kilomita 50 ana hatari ya kufa isiyofika asilimia 20. Kwa mwendo wa kilomita 80 hatari hiyo inakaribia asilimia 60.

Kwa mtoto mambo ni mabaya zaidi. Wengi wetu huwafundisha wanafunzi kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, tukadhani kazi imekwisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, tawi la Royal Holloway, walionesha mwaka 2011 kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi hushindwa kutambua kwa uhakika kwamba gari linawakaribia ikiwa mwendo wake unazidi kilomita 32 hivi kwa saa. Macho yao yapo, utii upo, lakini ubongo haujakomaa kupima jinsi umbo la gari linavyokua. Mtoto aliyetazama kulia na kushoto kama alivyofundishwa, kisha akagongwa, hakuvunja somo. Sisi ndio tuliompa somo lisilotosha na kumwachia dereva mwendo usiofaa.

Dawa yake imekwisha kujaribiwa hapa hapa nchini. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend liliboresha njia za kwendea shule kwa vitu vya kawaida kabisa: njia ya miguu pembeni, matuta, alama za kivuko, nguzo za kuzuia magari, na mahali pengine lango la shule kuhamishwa likatazama upande usio na magari. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilionesha kwamba majeruhi katika maeneo hayo walipungua kwa kiasi cha robo. Hayo yanaweza kufanywa na fundi mwashi wa kawaida, na katika miji midogo iliyo kando ya barabara kuu matuta na njia ya pembeni yangepaswa kuwa sehemu ya barabara tangu siku ya kwanza, badala ya kusubiri msiba.

Kwa upande wa njia ndogo, zile za vichochoroni na za mkato, kuna jambo la kufurahisha kidogo. Mwaka 1997 Dirk Helbing na wenzake walieleza katika Nature jinsi watu wanavyotengeneza njia katika majani bila kuagizwa: kila apitaye hulinganisha urefu wa njia na wepesi wa kukanyaga palipokwisha kukanyagwa, na baada ya muda hupatikana njia inayowaridhisha wengi. Walitumia mfano wa nyasi za chuo kikuu huko Ujerumani. Wangekuja Umwe wasingehitaji hesabu ngumu kiasi hicho. Njia ya mkato ni kura iliyopigwa kwa miguu. Lakini ramani za viwanja huchorwa aghalabu kana kwamba ardhi ilikuwa tupu, mwenye kiwanja akajenga ukuta wake kihalali, na wanafunzi mia mbili wakaanza kuzunguka kupitia kando ya lami. Afisa ardhi hakukosea sheria yoyote. Alikosa tu kutembea mahali hapo saa moja asubuhi.

Chama chetu hakiwezi kudai kwamba mambo ya miguu ni mageni kwake. Mwaka 1967 vijana wa nchi hii waliliunga mkono Azimio la Arusha kwa kutembea mamia ya kilomita, na kijana Seti Benjamini alifariki akiwa katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano wa TANU. Kwa siku hizo chache kiongozi wa nchi aliijua barabara kama anavyoijua mwananchi. Matembezi ya mshikamano ya siku hizi, ya asubuhi moja kwa viatu vipya vya michezo huku gari likifuata nyuma taratibu, sidhani kama hufundisha kitu hicho hicho.

Ningependa kila mtumishi anayepangiwa kazi katika kata za bondeni aandamane na mkulima mmoja kwenda shambani na kurudi, siku moja tu, katika mwezi wake wa kwanza. Na walimu wasisubiri watafiti kutoka ng'ambo. Darasa la sita linajua kugawanya umbali kwa muda. Kamba ya mita 20, saa ya mkononi na daftari vinatosha: wanafunzi wapime njia ya kutoka shuleni hadi bondeni, wahesabu wapitao alfajiri, wanawake na wanaume, wenye mizigo na wasio na mizigo, waandike ndoo ngapi, kuni ngapi, baiskeli ngapi. Mahali pa kuvukia lami wapime sekunde anazotumia mzee na sekunde anazotumia mtoto, wakiwa na mwalimu wao na wakisimama mbali na ukingo. Daftari hilo liletwe katika kikao cha kamati ya shule siku ile ile ambayo majina ya watoro yatasomwa, na lisomwe kwanza.